Aina mpya za korona: tumeutazama umati, tukamsahau mgonjwa mmoja

Tangu 2020, kila habari ya aina mpya ya kirusi cha korona ikifika Dar es Salaam, mazungumzo huelekea mahali pamoja: msongamano. Watu hutaja Kariakoo, hutaja foleni ya mwendokasi saa za jioni, hutaja kivuko cha Kigamboni. Hoja yenyewe haina ugumu na ina ukweli ndani yake. Kirusi hubadilika kinapojinakili, kwa hiyo palipo na wagonjwa wengi pana nakala nyingi, na palipo na nakala nyingi pana makosa mengi. Shirika la Afya Duniani nalo liliibeba hoja hiyo mwaka 2021 lilipozisihi nchi tajiri zigawe chanjo: kadiri kirusi kinavyoachwa kizunguke katika nchi zisizochanjwa, ndivyo aina mpya zitakavyozidi kuzaliwa na kuwarudia wote. Nitaiita hoja ya wingi.

Ipo hoja ya pili, nami nitaiita hoja ya muda. Hii inasema kwamba zile aina zilizoruka mbali zaidi, zilizogeuza mwenendo wa janga zima, huenda hazikuzaliwa katika umati. Inaelekea zilizaliwa ndani ya mwili wa mtu mmoja aliyekaa na maambukizi kwa miezi, mtu ambaye kinga yake ilishindwa kukimaliza kirusi lakini iliendelea kukibughudhi.

Hapa kwetu hoja ya muda imepokelewa vibaya. Wapo walioisikia kama kisingizio cha nchi tajiri kujivua lawama za kulimbikiza chanjo. Wengine, na nadhani hawa ndio wengi, waliisikia kama kidole kinachonyooshewa watu wanaoishi na VVU, kana kwamba mzigo walio nao hautoshi. Nayaelewa makundi yote mawili. Hata hivyo naamini hoja hii ikisomwa mpaka mwisho inamtetea mgonjwa kuliko hoja nyingine yoyote tuliyopewa kuhusu korona, na kwa jiji kama letu ndiyo inayotuachia kazi tunayoweza kuifanya.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonivuta upande huu.

Vinasaba vya korona ni mkanda wa RNA wenye herufi karibu 30,000. Kirusi kile cha awali kilichosomwa Wuhan kilikuwa na herufi 29,903. Kikijinakili hukosea hapa na pale. Tofauti na virusi vya mafua, jamii ya korona ina kimeng'enya kinachopitia nakala na kuondoa sehemu kubwa ya makosa, ndiyo maana hubadilika taratibu kuliko tunavyodhani. Katika ukoo mmoja unaopita kutoka mtu hadi mtu, mabadiliko yanayobaki ni kama mawili tu kwa mwezi. Mengi kati ya hayo hayana maana yoyote: kirusi kinabaki kilekile, kimebadilishwa herufi tu.

Sasa chukua Omicron, iliyoripotiwa na Afrika Kusini kwa Shirika la Afya Duniani tarehe 24 Novemba 2021. Kwa ujumla ilikuwa na mabadiliko yapata 50 ukilinganisha na kirusi cha Wuhan. Jumla hiyo peke yake haishangazi. Tangu mwishoni mwa 2019 hadi Novemba 2021 ni miezi 23 hivi, na mabadiliko mawili kwa mwezi yanatupa 46. Kinachoshangaza ni mahali yalipokaa. Zaidi ya 30 yalikuwa kwenye protini ya mwiba, ile ambayo kirusi hutumia kushika chembe hai zetu na ambayo kingamwili nyingi huilenga. Sehemu ya mkanda inayotengeneza mwiba ni herufi 3,822, yaani kama moja ya nane ya mkanda wote. Kama mabadiliko yangeanguka bila kuchagua mahali, tungetarajia sita kwenye mwiba. Tukikubali kwamba mwiba hubanwa zaidi na kinga na hivyo hubadilika haraka, tuongeze mara mbili: kumi na mbili. Bado tuko mbali na thelathini.

Halafu kuna jambo la pili katika hesabu hiyohiyo. Ndugu wa karibu wa Omicron waliokuwa wanajulikana wakati ule walikuwa virusi vya katikati ya 2020. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna hata hatua moja ya katikati iliyoonekana, si kirusi chenye nusu ya mabadiliko yale wala chenye robo. Ukoo unaotembea mtaani, ukipita kwa maelfu ya watu, huacha nyayo. Huu haukuacha. Alpha nayo ilikuwa imefanya hivyo mapema zaidi. Ilipojulikana Uingereza Desemba 2020, kutokana na sampuli za Septemba, ilikuwa na mabadiliko 17 yaliyojitokeza kwa pamoja, na watafiti wa kwanza walioisoma walitaja papo hapo uwezekano wa mgonjwa aliyekaa nayo muda mrefu.

Kwa nini mwili mmoja uweze kufanya kile ambacho umati haufanyi? Mtu mwenye kinga ya kawaida hukimaliza kirusi ndani ya siku kumi hivi. Katika siku hizo hakuna nafasi ya badiliko moja kujengwa juu ya jingine. Na anapomwambukiza mwenzake, virusi vinavyoanzisha maambukizi mapya ni vichache mno, hivyo hata badiliko zuri kwa kirusi, kama limetokea kwa wachache kati ya mamilioni, kwa kawaida hupotea njiani. Umati wa Kariakoo ni maambukizi mengi mafupi, kila moja likianza karibu upya. Kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu mambo ni tofauti. Kirusi kinakaa wiki kwa wiki, idadi yake ni kubwa, na kingamwili chache zilizopo zinaua zile nakala zinazotambulika na kuacha zile zilizojificha. Zilizojificha zinazaana. Miezi sita ya kazi hiyo ndani ya mwili mmoja inaweza kuzaa kile ambacho mtaa usingezaa kwa mwaka.

Jambo hili limeshuhudiwa. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti walimfuatilia mwanamke wa miaka 36 mwenye VVU vilivyokuwa havijadhibitiwa. Alikaa na kirusi cha korona kwa siku 216. Katika muda huo kirusi kilikusanya mabadiliko zaidi ya 30, kadhaa yakiwa kwenye mwiba, na miongoni mwake yalikuwamo yaleyale yaliyokuwa yanaonekana katika aina zilizotisha dunia wakati huo. Hakuwa mahututi. Angeweza kuwa jirani yako. VVU vyake vilipodhibitiwa kwa ARV, korona nayo ikaondoka mwilini.

Naomba tusiipite haraka sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo kiini cha yote ninayotaka kusema. Kilichompa kirusi siku 216 ni ukosefu wa tiba inayofanya kazi. Ugonjwa ni uleule, mtu ni yuleyule, na dawa ilipofanya kazi kiwanda kikafungwa.

Wala si habari ya VVU peke yake. Boston, Marekani, mwanaume wa miaka 45 aliyekuwa akitumia dawa za kushusha kinga kutokana na ugonjwa mwingine kabisa aliugua kwa siku 154, na kirusi chake kikabadilika kwa kasi hasa kwenye mwiba. Cambridge, Uingereza, mgonjwa ambaye kinga yake ilishushwa na saratani na tiba yake alikaa na kirusi zaidi ya miezi mitatu, na walipompa majimaji ya damu yenye kingamwili za waliopona, kirusi kikabadilika kukwepa kingamwili hizo mbele ya macho ya watafiti. Kwetu, watu wa namna hiyo wako Ocean Road wakipata tiba ya saratani, na wako miongoni mwa waliopandikizwa figo Muhimbili, huduma iliyoanza hapa nchini Novemba 2017, ambao lazima wameze dawa za kushusha kinga maisha yao yote.

Sasa haki ya upande wa pili.

Hoja ya wingi ina ushahidi wake, na mtu makini hawezi kuukwepa. Delta haikuruka ghafla kama Omicron. Ilikuwa na jamaa zake waliokuwa wakizunguka India tangu mwishoni mwa 2020, na ililipuka katika wimbi kubwa mno la maambukizi. Badiliko la D614G, lililoenea dunia nzima katika miezi ya kwanza ya 2020, lilikuwa badiliko moja tu la mwiba lililopata nafasi kwa sababu kirusi kilikuwa kinaingia kwa kila mtu. Matawi mengi ya Omicron yaliyofuata yalikwenda hatua kwa hatua. Zaidi ya hayo, hakuna mgonjwa yeyote aliyewahi kuoneshwa kuwa ndiye chanzo cha Omicron. Wapo wanasayansi wanaodhani kirusi kilipita kwa wanyama, panya wakitajwa, kabla ya kurudi kwa binadamu. Uwezekano huo haujafutika, na tunajua korona iliwahi kuingia kwa wanyama wa manyoya waitwao minki kule Denmark na kurudi kwa watu mwaka 2020.

Mfano unaonipa heshima kubwa kwa hoja ya wingi ni wa 2023. Agosti mwaka huo iligunduliwa BA.2.86, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba ukilinganisha na mzazi wake BA.2, tawi mojawapo la Omicron, tena bila hatua za katikati. Ilitazamwa kwa hofu, lakini yenyewe haikuenea sana. Baadaye mtoto wake mmoja, JN.1, akapata badiliko moja zaidi kwenye mwiba, na kufikia Desemba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiweka JN.1 katika orodha ya aina za kufuatiliwa kipekee, nayo ikatawala dunia. Mruko mkubwa ulionekana kuwa na alama za muda, lakini badiliko lililokamilisha kazi lilipatikana wakati kirusi kikitembea kwa watu wengi. Atakayesema hoja mojawapo inatosha peke yake ameacha nusu ya habari.

Njia nyingine ya kubadilika, ambayo haisemwi sana kwenye redio zetu, ni kuchanganyika kwa vinasaba. Virusi viwili tofauti vikiingia chembe moja ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kimeng'enya kinachonakili RNA kinaweza kuanza na mkanda wa kirusi kimoja, kikaachia katikati, kikarukia mkanda wa kingine na kuendelea kuanzia palepale. Ni kama mwanafunzi anayenakili notisi za wenzake wawili, akafika katikati ya ukurasa akahamia daftari la pili bila kuruka mstari. Kinachotoka ni kirusi chenye kichwa cha huyu na mkia wa yule. Jamii yote ya korona ina tabia hii. Hata MERS, ndugu yake wa jamii hiyo anayeishi kwa ngamia, imeonekana kuchanganyika hivyo.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwa korona yetu jambo hili ni la nadra. Ukweli ni kwamba mwanzoni halikuweza kuonekana: virusi viwili vinavyofanana vikichanganyika, hakuna atakayeuona mshono. Koo zilipotofautiana vya kutosha ndipo mishono ikaanza kujitokeza. XE, mchanganyiko wa BA.1 na BA.2, matawi mawili ya Omicron, ulioonekana Uingereza Januari 2022, ulizua vichwa vya habari kisha ukafifia. XBB ndiyo iliyoonesha nguvu ya njia hii. Wazazi wake ni BJ.1 na BM.1.1.1, wote wawili wa ukoo wa BA.2, na mshono wake uko ndani ya mwiba wenyewe, kwa hiyo ilirithi ujanja wa kukwepa kingamwili kutoka pande zote mbili. Ilionekana Agosti 2022, Oktoba ikawa imezua wimbi Singapore, na mapema 2023 tawi lake XBB.1.5 likawa limeshika Marekani. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo mpya zitengenezwe kwa kuilenga XBB. Mruko ambao kwa makosa ya kunakili peke yake ungehitaji hatua nyingi ulifanyika kwa mshono mmoja.

Wanaoshika hoja ya wingi husema: hapo tumekupata, maana bila virusi viwili kuzunguka kwa wingi katika jamii moja hakuna wa kukutana. Kweli. XBB isingezaliwa kama BA.2 isingekuwa imetawanyika kote. Lakini tazama upande wa mwenye mwili. Ili virusi viwili vikutane ndani ya mtu, sharti cha pili kimfikie kabla cha kwanza hakijaondoka. Kwa mtu anayepona baada ya siku kumi, dirisha hilo ni siku kumi. Kwa aliyekaa siku 216, dirisha ni miezi saba, na katika miezi saba wimbi jipya laweza kupita jijini na kumgongea mlango. Yaani muda unaufungulia wingi nafasi. Hapo ndipo ninapoona hoja hizi mbili zinashikana mikono, na ndipo ninapoona pia kwa nini muda una uzito zaidi kwa mtu anayetaka kuamua la kufanya.

Maana wingi wa korona hatuna namna ya kuuzuia tena. Hali ya dharura ya kimataifa ilifutwa tarehe 5 Mei 2023. Ndoo za maji tiririka zimeondoka milangoni, barakoa zimebaki hospitalini, na hakuna serikali duniani itakayofunga soko lake kwa ajili ya ugonjwa huu. Chanjo inaendelea kuokoa maisha ya walio hatarini, lakini haizuii kirusi kuzunguka kama tulivyotarajia 2021, ilipozinduliwa hapa nchini Julai 28. Kilichobaki mikononi mwetu ni muda, yaani siku ambazo kirusi kinaruhusiwa kukaa ndani ya mwili mmoja.

Kuhusu dai kwamba chanjo ndiyo inayozalisha aina mpya, ambalo bado nalisikia kwenye daladala na hata kwa watu wenye elimu, jibu ni fupi. Alpha, Beta, Gamma na Delta zote zina sampuli za 2020, na chanjo za umma nchini Uingereza zilianza tarehe 8 Desemba mwaka huo. Mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya anayedaiwa kuwa mzazi wake.

Nirudi nyumbani, mahali ambapo mjadala huu una kovu letu wenyewe. Februari 2021 wasafiri kutoka Tanzania walipimwa uwanja wa ndege wa Luanda, Angola. Vinasaba vya kirusi chao viliposomwa, vilikuwa na mabadiliko 31 ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini), 11 kati yake kwenye mwiba, pamoja na sehemu tatu zilizokatika. Kilikuwa cha ukoo A, ukoo wa awali kabisa ambao sehemu nyingi za dunia ulikuwa umeshazidiwa nguvu. Wakakiita A.VOI.V2, baadaye A.30. Nchini kwetu takwimu zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 tangu Mei 2020, na hakukuwa na vinasaba vilivyotangazwa vya kulinganisha.

A.30 haikuenea, na hilo lenyewe ni funzo: mabadiliko mengi hayamaanishi ushindi. Linaloniuma ni kwamba hatuwezi kusema kilitoka wapi. Yawezekana kilitembea kimya miongoni mwa watu wetu hatua kwa hatua, na hapo hoja ya wingi ingeshinda. Yawezekana kiliruka kutoka kwa mgonjwa mmoja. Yawezekana hakikuzaliwa hapa kabisa. Sampuli ambazo zingetuambia hazikusomwa. Kuna wanaosema nchi iliponyamaza ilijikinga, na wanatoa mfano wa jirani: Afrika Kusini na Botswana ziliposema ukweli kuhusu Omicron, ndani ya siku chache nchi za Ulaya na Marekani zikafungia safari kutoka kusini mwa Afrika. Uchungu huo ni halali, hasa kwa nchi inayokula kwa utalii. Lakini Tanzania haikunyamaza kwa faida yoyote katika habari ya Luanda. Kirusi kilitajwa kwa jina la safari yetu, na kilisomwa na watu wengine. Tulipata lawama bila kupata maarifa.

Sasa niingie kwenye lile lililo gumu zaidi, la VVU. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, watu wapatao milioni 1.5. Kati yao wote, asilimia 78 wamefubaza virusi, yaani dawa imevishusha VVU hadi kiwango cha chini sana mwilini. Hiyo ni kazi kubwa ya miaka mingi, ya wahudumu wa CTC (vituo vya tiba na matunzo ya VVU) na ya waviu, yaani wanaoishi na VVU, wenyewe, nami sioni nchi nyingi zenye haki ya kutufundisha hapo. Lakini asilimia 22 iliyobaki ni zaidi ya watu laki tatu. Mtu anayesikia hoja ya muda kwa haraka atasema: basi hao laki tatu ndio hatari.

Ngoja tuifungue namba hiyo. Kwanza, kutofubaza virusi si sawa na kinga kuporomoka. Wengi wao bado wana kinga ya kutosha kukimaliza kirusi cha korona kama mtu mwingine yeyote. Wanaoweza kukaa nacho kwa miezi ni wale ambao VVU vimefika mbali, kwa mfano CD4 (chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) chini ya 200, na hao ni sehemu ndogo ya laki tatu. Pili, na hapa ndipo watu wengi hawafiki, utafiti huohuo ulionesha kwamba asilimia 82.7 ya wanaoishi na VVU wanajua hali yao. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 wako kwenye ARV. Kati ya walio kwenye ARV, asilimia 94.3 wamefubaza virusi. Weka namba hizo tatu pamoja uone pengo liko wapi. Akishajua, mtu anaanza dawa. Akianza dawa, karibu kila mara dawa inafanya kazi. Sehemu kubwa ya laki tatu ni watu ambao hawajui kabisa kwamba wana VVU.

Kwa hiyo mama uliyemwona amekaa kwenye benchi la CTC Temeke au Mwananyamala na kadi yake mkononi, akisubiri TLD, vidonge vyake vya ARV, za miezi mitatu au sita, yeye ndiye ambaye hoja ya muda inamwondoa kwenye orodha. Kidonge chake cha kila siku kinalinda mwili wake na kwa njia hiyo kinamnyima kirusi cha korona nyumba ya kukaa. Anayehitaji kufikiwa ni yule ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi hilo, na mara nyingi ni mwanaume mwenye shughuli zake ambaye hukutana na hospitali akiwa ameshabebwa. Yeye naye si mkosaji. Ila unyanyapaa unaomfanya aogope kuonekana CTC ni unyanyapaa uleule ambao watu wanahofia hoja hii itauongeza, na kama tukiinyamazia kwa hofu hiyo tutakuwa tumemwacha pale alipo.

Naikubali hofu yenyewe. Tumeshaona namna taarifa ya kitaalamu inavyoweza kukatwa kichwa na mkia ikawa kejeli ya mtandaoni. Kwa sababu hiyo sipendi kusikia mtaalamu akisema redioni kwamba waviu huzalisha aina mpya, akaishia hapo. Maneno hayo ni ya uongo yakisemwa bila nusu ya pili, ile ya dawa kufanya kazi na korona kuondoka.

Ndiyo maana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, nilishangaa kuona mjadala wa hapa ukiwa wa bajeti tu. Siku chache baadaye ruhusa ya kuendelea na tiba ya VVU ilitolewa, lakini tulikuwa tumeshaona ni kwa kiasi gani huduma zetu za VVU zimeegemea fedha za nje tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anayempigia simu mgonjwa aliyekosa tarehe yake, anayemfuata Mbagala au Gongo la Mboto kumuuliza kwa upole kulikoni, mara nyingi analipwa na mradi. Mradi ukifungwa, dawa zinaweza kubaki stoo lakini wa kumfuata mgonjwa hayupo. Mtu aliyekatiza ARV akaporomoka kinga akiwa nyumbani ni msiba wa familia yake kwanza. Kwa hesabu niliyoeleza juu, ni pia siku 216 nyingine ambazo kirusi kinapewa bila mtu kujua, na hapo nchi iliyokata msaada haina ukuta wa kujificha, kama Omicron ilivyoonesha kwa kuvuka marufuku za safari ndani ya wiki chache.

Kinachotakiwa kwa upande wa maabara si kikubwa. Mashine za kusoma vinasaba zipo nchini, na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii iko Mabibo, safari ya daladala kutoka hospitali nyingi za jiji. Hatuna haja ya kusoma kirusi cha kila mwenye mafua. Tuanze na wachache: aliyelazwa na CD4 chini ya 200, anayetibiwa saratani ya damu, aliyepandikizwa figo, ambaye kipimo chake cha korona bado ni chanya baada ya wiki tatu. Sampuli ya kwanza ihifadhiwe kwenye baridi na ya pili ichukuliwe wiki mbili baadaye. Zikilinganishwa, zitaonesha kama kirusi ni kilekile kinachobadilika ndani yake, kama ameambukizwa kingine kipya, au kama viwili vimeshaanza kuchanganyika. Kama ana VVU, majibu yarudi siku hiyohiyo kwa daktari wake wa CTC pamoja na kipimo cha wingi wa VVU, ili kama dawa anazomeza hazifanyi kazi abadilishiwe haraka.